Damu Haipashwi Moto

Watu wa Hospitali ya Juu walimwita Dirisha, naye aliitika. Jina lake la ubatizo lilikuwa Elimringi, mzaliwa wa Mwika, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo, na kazi yake ilikuwa kutunza damu. Kila chupa iliyopita mikononi mwake aliipeleka dirishani kwanza. Aliishika shingo, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua yenye habari za msiba na hataki kufika mwisho wake.

Damu ikitulia ndani ya chupa hujitenga. Chini hukaa nyekundu, nzito; juu huelea maji ya manjano kama samli iliyoyeyuka; na katikati hupita mstari mmoja, umenyooka. Huo mstari ndio alioutafuta. Akiukuta umevurugika, au akiona maji ya juu yameanza kuwa mekundu kama maji yaliyooshewa nyama, hakumwuliza mtu. Aliibeba chupa hadi shimo lililokuwa nyuma ya jiko, akaimwaga, akamimina dawa kali juu yake, akafukia.

"Leo umemwaga nani?" Primus, mpishi wa hospitali, alimwuliza asubuhi moja akimenya ndizi.

"Mwalimu wa Kirua."

"Masikini mwalimu! Alikunywa chai yangu vikombe viwili baada ya kutolewa hiyo damu. Basi na chai nayo umeimwaga."

"Na chai nayo."

"Ndiyo maana huoi, Dirisha. Bibi harusi atapelekwa dirishani kwanza, na akionekana ana doa, atatupwa shimoni."

Wauguzi wakacheka, na Elimringi akacheka nao kidogo, kwa adabu. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba kulikuwa na chupa moja ambayo hakuipeleka dirishani kwa wakati wake. Daktari alijua, lakini Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi.

Elimringi alizaliwa siku ambazo Waingereza walikuwa bado wageni mlimani. Utotoni damu haikumtisha. Baba yake alikuwa na ng'ombe wanne waliolishwa ndani ya nyumba, na mama yake alipojifungua Elizabeth, mtoto wa mwisho, Elimringi alikuwa na miaka kumi. Alimwona baba akimfunga ng'ombe kamba shingoni mpaka mshipa ukavimba, akaupiga kwa mshale mfupi, damu ikaruka ndani ya kibuyu. Elimringi alipewa kijiti aikoroge isigande. Kisha ikachanganywa na maziwa na siagi, ikapashwa polepole mekoni. Huo ndio mlaso, chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua, na hakuna nyumba ya Mchagga iliyomnyima mzazi wake chakula hicho kama ng'ombe yupo.

"Usiharakishe, baba," mama yake alimwambia Elimringi kutoka kitandani, kichanga kifuani. "Lete ukiwa na joto. Mzazi hapewi kitu cha baridi. Baridi ikimwingia, haitoki peke yake. Hutoka na roho."

Maneno hayo aliyameza pamoja na moshi wa meko, akayasahau jinsi mtu anavyosahau kwamba anapumua.

Alipokuwa mtu mzima vita vilimchukua hadi Burma, akabeba machela, akaona kwa mara ya kwanza damu ya mtu mmoja ikining'inizwa kwenye chupa na kuingia katika mkono wa mtu mwingine. Aliporudi, kahawa ya baba yake ilikuwa imegawanywa kwa kaka zake wakubwa na baba mwenyewe amezikwa. Akaomba kazi katika hospitali ndogo ya vitanda arobaini iliyokuwa mlimani kati ya Mwika na Kirua Vunjo. Daktari, mzungu mwembamba aliyezoea kutembea na mikono nyuma, akampa chupa za kuosha. Mwaka wa pili akampa mipira ya kupitishia damu na sindano za kuchemsha. Mwaka wa tatu akamkalisha mbele ya hadubini.

"Damu nje ya mwili ni kama uji uliopoa," Daktari alimwambia. "Kila mdudu anautaka. Katika friji, wadudu wanalala. Ukiitoa, wanaamka. Nusu saa, basi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bwana Daktari."

Na kweli alielewa, jinsi mtu anavyoelewa jambo ambalo halijamgusa.

Ilikuwa Aprili, mwaka wa hamsini na nne, masika yamekolea na mifereji imevunja kingo. Elizabeth aliletwa kwa machela kutoka Kirua, mumewe Ebenezeri mbele, ndugu za mumewe nyuma, wote wamelowa. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, mzima. Lakini kondo la nyuma lilichelewa, na lilipotoka, damu haikukoma. Haikuwa damu ya kububujika. Ilikuwa ya kidogokidogo, isiyo na haraka, kama mfereji uliosahauliwa kufungwa.

Daktari alikuwa Moshi kufuata dawa, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutia sindano ya damu. Ujumbe ulikuja kwamba ameshaanza safari, atafika saa tatu na nusu. Ndani ya friji la mafuta ya taa kulikuwa na chupa iliyomfaa Elizabeth. Ilikuwa ya Ebenezeri mwenyewe. Wiki moja kabla, baada ya ibada, hospitali iliomba waumini watoe damu, na yeye alikuwa wa pili kukunja mkono wa shati.

Saa tatu kamili Elimringi aliitoa chupa, akaitazama dirishani. Ilikuwa safi. Akaipeleka wodini ili Daktari akifika asipoteze dakika. Mama yake, Bibi Ruth, alikuwa ameketi kando ya kitanda, blanketi mabegani, akiisugua miguu ya bintiye.

"Shikamoo, mae," alimwamkia, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Marahaba, baba. Hiyo ndiyo yenyewe?" Akanyoosha mkono, akaigusa, akaurudisha upesi. "Lo! Ni jiwe la mtoni hili! Hiki ndicho mnataka kumtia mwanangu mishipani?"

"Ndivyo inavyotunzwa, mae."

"Ng'ombe anatunzwa zizini, analiwa zizini? Tazama anavyotetemeka. Elimringi, wewe uliukoroga mlaso wangu siku alipozaliwa huyu. Niliunywa wa baridi?"

"Hapana."

"Basi?"

Elizabeth akafumbua macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Kaka," alisema, "nasikia baridi."

Elimringi alitazama saa ya ukutani. Dakika thelathini zilikuwa zimeruhusiwa; alijiambia dakika hizo zinaweza kuwa za joto kama zinavyoweza kuwa za baridi. Akaenda kwenye jiko dogo la wodi, akatia maji ya vuguvugu katika beseni, akaisimamisha chupa humo karibu na mafiga. Mama yake akaja nyuma yake, akavua blanketi, akaifunika, akaibana pande zote jinsi unavyombana mtoto.

"Nusu saa tu, mae."

"Nusu saa," mama akakubali.

Gari la Daktari lilikwama mtoni. Saa nne halikuonekana, wala saa tano. Elimringi alikwenda barabarani mara tatu, akarudi viatu vimejaa tope. Alijua chupa ile ilipaswa kurudi kwenye friji au kumwagwa. Alijua pia kwamba hakuna nyingine ya kundi lile la damu. Na kila alipochungulia jikoni alimwona mama yake amepiga magoti, akibadilisha maji ya beseni, akijaribu joto lake kwa kiwiko kama anayetaka kumwogesha kichanga. Mtu anapataje ulimi wa kumwambia mama aliye katika hali ile kwamba anakosea? Hakuupata. Akarudi barabarani.

Daktari alifika saa tisa alasiri, tope hadi kiunoni. Chupa ikatoka kwenye blanketi, ikaenda moja kwa moja kwenye chuma cha kuning'inizia.

"Umeiangalia?" Daktari aliuliza, akitafuta mshipa.

"Ndiyo, Bwana Daktari."

Alikuwa ameiangalia, asubuhi.

Robo ya chupa haijaisha, Elizabeth alianza kutetemeka. Huku hakukuwa kutetemeka kwa mwanzo. Kitanda kiligonga ukuta. Meno yake yalisikika hadi mlangoni. Kisha mwili ukawaka moto kama jiwe la meko, na macho yakamtafuta mtu asiyekuwemo chumbani. Daktari aliung'oa mpira, akatia dawa, akatia nyingine, akakaa naye. Elizabeth alikufa kabla ng'ombe wa jirani hawajakamuliwa jioni.

Elimringi alikuwa ameichukua ile chupa. Sasa ndipo alipoipeleka dirishani. Mstari ulikuwa umekwisha. Maji ya juu yalikuwa mekundu mpaka kizibo. Alitia tone moja kwenye kipande cha kioo, akalikausha, akalipaka rangi ya buluu, akainama kwenye hadubini. Wadudu walikuwapo, vijiti vidogo vya buluu, wengi kama kumbikumbi baada ya mvua.

Alimwita Daktari, akamwambia yote, amesimama wima kama alivyofundishwa jeshini. Daktari aliinama akatazama, akanyoosha mgongo. Baadaye akaagiza Ebenezeri aitwe, akamfunua mkono. Karibu na kiwiko palikuwa na kovu bichi.

"Hili la lini?"

"Kisu cha kupogolea kahawa, Bwana. Siku mbili kabla sijatoa. Lilivimba kidogo, likapona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aende hospitali kwa jeraha la kahawa?"

Ebenezeri alipotoka, Daktari alisema, "Wadudu waliingia na sindano, wachache. Baridi iliwalaza. Joto liliwaamsha. Wewe ulikosa, Elimringi. Na mimi nilikuuliza badala ya kuangalia kwa macho yangu. Tumekosa wawili. Kesho uandike ukutani, kwa herufi kubwa."

Akaandika, kwa rangi nyeusi, juu ya meza ya wodi: DAMU HAIPASHWI MOTO.

Mazishi yalikuwa Kirua, katika kihamba cha Ebenezeri, shamba lake la nyumbani, kati ya migomba na mibuni iliyokuwa imeanza kuchanua. Baada ya mchungaji kumaliza, wanawake walimzunguka Bibi Ruth. Alikuwa amekibeba kichanga, naye alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida, kama anayewaeleza habari za sokoni.

"Angalau hakufa na baridi. Kaka yake alimpashia damu. Tulikaa nayo motoni tangu asubuhi, mimi na yeye. Ilipoingia ilikuwa na joto kama ya mwili."

"Mungu ambariki huyo kaka," mwanamke mmoja akasema.

Elimringi alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alifungua kinywa. Aliona jinsi mama alivyokuwa ameishikilia faraja ile, moja tu aliyobaki nayo, na akaona kwamba akisema neno lolote la kweli, mama atajua ni mkono wa nani uliobana blanketi. Akafunga kinywa. Alijiambia atasema baada ya arobaini. Baada ya arobaini akasema moyoni: baada ya mavuno.

Miaka minne ikapita. Bibi Ruth alimlea mjukuu wake kule Mwika, na kila Alhamisi aliteremka hospitalini na chungu cha mtori wa ndizi au mlaso kwa wazazi wasio na ndugu wa karibu. Na Elimringi akawa Dirisha. Aliwasugua watoa damu mikono kwa sabuni na spiriti mpaka wakalalamika. Aliwavua mashati, akawatafuta vidonda. Mpira wenye ufa mdogo kama unywele aliukata vipande ili mtu asishawishike kuutumia. Katika kila chupa alichukua tone, akalitia kwenye kichupa cha supu ya nyama iliyochujwa, akakiweka katika sanduku la bati lenye taa ndani, siku mbili. Supu ikibaki angavu, damu ilikuwa safi. Supu ikiwa na ukungu, chupa ilikwenda shimoni. Hapo sandukuni tu ndipo alipowapa wadudu joto, na kila alipowasha ile taa mkono wake ulisita kidogo.

Kile kipande cha kioo cha siku ile hakukitupa. Alikifunga kwa pamba, akakitia kwenye kisanduku cha kiberiti, kikakaa nyuma ya droo.

Mwaka wa hamsini na nane hospitali ilijengewa wodi mpya. Fundi mwashi alikuwa Ally, mtu wa Moshi mjini, mfupi, msemaji, aliyepanda na mkewe Mwantum akakaa naye katika kibanda kando ya mawe. Mwantum alikuwa mjamzito. Ally alitoa damu mwezi wa mwisho wa mimba, akisema mtu wa mjini hangoji kuombwa mara mbili.

"Uitazame vizuri hiyo, Bwana Dirisha," alimwambia. "Humo mna pilau na biriani. Si ndizi zenu hizi."

Siku Mwantum alipojifungua ilikuwa Alhamisi. Alipata mtoto wa kiume, kisha akaanza kutoka damu, taratibu, kama Elizabeth. Muuguzi Elifuraha aliagizwa aitoe chupa ya Ally. Akaitoa saa nne, akaiweka mezani kando ya kitanda. Dakika hiyohiyo akaletwa mtu aliyeangukiwa na gogo, na Daktari na Elifuraha wakajifungia katika chumba cha upasuaji. Elimringi hakuwapo, alikuwa amepelekwa Kirua kukusanya makohozi ya wagonjwa wa kifua.

Alirudi saa saba. Aliingia wodini na kofia bado kichwani. Ally alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, ameshika mkono wa mkewe. Upande wa pili, kwenye kigoda, alikaa mama yake. Blanketi lilikuwa limemzunguka, mikono yote miwili ndani, na tumbo lake la kizee lilikuwa limefura kama la mjamzito.

"Shikamoo, mae. Umeshika nini?"

Bibi Ruth akatabasamu, akafunua kidogo. Shingo ya chupa ikachungulia.

"Walimwachia hii hapa, baridi kama jiwe," alisema kwa kunong'ona. "Nikasema huyu mtoto wa watu hana mama hapa. Nimemfanyia kama ulivyomfanyia dada yako."

Yale maandishi yalikuwa ukutani, nyuma ya kichwa chake hasa. Mama hakujua kusoma.

Elimringi aliichukua chupa. Ilikuwa na joto la mwili wa mama yake. Akaenda nayo dirishani, akaiinua. Mstari ulikuwa umenyooka. Maji yalikuwa ya manjano, safi, mazuri. Alisimama pale muda mrefu kuliko siku nyingine zote.

"Vipi?" Ally akauliza. "Tayari?"

"Haifai."

"Haifai nini? Hiyo ni damu yangu! Nimeiona, inang'aa kama siku ilipotoka!"

"Muda wake umepita, Bwana Ally."

"Muda! Mke wangu ndiye muda wake unapita! Wewe mtu una moyo au una kioo? Irudishe hapa, nitamtilia mwenyewe!"

Bibi Ruth alinyanyuka, mkono mmoja ukutani. "Baba, labda haikupata joto la kutosha. Nisamehe. Alhamisi ijayo nitakuja na blanketi zito, lile la—"

Hapo Elimringi akaona kwamba ile nusu ya kweli haitoshi. Mama atarudi Alhamisi ijayo, na nyingine, na mikono yake ya upendo. Akimficha leo, atakuwa amemwekea mzazi mwingine kifo njiani. Akaiweka chupa chini. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika viganja.

"Mae. Joto ndilo lililomwua Elizabeth."

Mama akamtazama.

"Damu ile ilikuwa na wadudu wachache. Ilipokaa motoni wakazaliana. Daktari alinikataza, nami nikaiweka. Ni mimi."

"Motoni," mama akasema.

"Ndiyo."

"Katika beseni."

"Ndiyo, mae."

Aliivuta mikono yake polepole kutoka katika mikono ya mwanawe, akaitazama, ndani na nje, kama vitu alivyookota. Kisha akachukua chungu chake na kigoda, akatoka. Ally, aliyekuwa na matusi mengine mdomoni, akayaacha humo.

Elimringi hakumfuata. Alichukua tone la ile chupa kwa ajili ya supu, akaimwaga iliyobaki shimoni, kisha akapita wodi na jiko na kwenye mawe ya ujenzi akiwatoboa watu vidole na kupima damu yao. Aliyelingana na Mwantum alikuwa Primus mpishi. Akamsugua mkono mpaka ngozi ikawa nyekundu, akamtafuta kidonda mpaka kwapani.

"Nitafute na roho basi," Primus akasema, lakini hakucheka.

Daktari alipotoka kwenye upasuaji chupa ilikuwa tayari, na safari hii waliitazama wote wawili. Mwantum aliishi. Siku ya tatu, Ally alimfuata Elimringi kwenye chumba chake.

"Mke wangu sasa atapika kama Primus," alisema. "Tumekwisha." Halafu akaangalia vichupa. "Hebu niambie. Ile yangu ilikuwa mbaya?"

Elimringi alikiinua kichupa cha supu kwenye mwanga. Kilikuwa angavu kama maji ya chemchemi.

"Ilikuwa safi."

"Kwa hiyo uliimwaga bure."

"Bure."

"Na ungekuwa umejua?"

"Mtu hawezi kujua kabla ya siku mbili. Ningeimwaga tena."

Ally akatikisa kichwa. "Yule bibi ni mama yako mzazi?" Na alipojibiwa ndiyo, akarudi kwenye mawe yake.

Alhamisi tatu zikapita bila Bibi Ruth. Jumapili ya tatu Elimringi alikata jani la sale mpakani mwa kihamba cha baba yake, akalifunga fundo. Mlimani, aliyekosa akikuletea jani hilo, huwezi kulikataa, hata awe amekuchomea nyumba. Lakini nyumbani Mwika mama hakuwepo. Mke wa kaka mkubwa alisema ameondoka alfajiri, amekwenda Kirua.

Alimkuta kaburini, ameketi chini kwenye majani makavu ya migomba. Juu ya kaburi lilikuwa jani jingine la sale, limefungwa fundo, bado bichi.

"Shikamoo, mae."

"Marahaba."

Akamnyooshea jani lake kwa mikono miwili. Mama alilitazama.

"Unaniomba radhi kwa lipi? Niliagiza mimi. Wewe ulisema nusu saa. Mimi ndiye niliyebadilisha maji."

"Wewe hukujua, mae. Mimi ndiye niliyesoma."

"Miaka minne nimewaambia watu alikufa na joto. Nimewasimulia kanisani. Nimewasimulia sokoni Mwika. Ukanisikiliza."

"Nilikusikiliza."

"Kwa hilo nitalipokea," mama akasema, akachukua lile jani. Baada ya muda akauliza, "Wanafananaje?"

"Nani?"

"Hao wadudu."

Jumatatu alishuka naye hospitalini. Elimringi alitoa kisanduku cha kiberiti nyuma ya droo, akaondoa pamba, akakiweka kile kioo chini ya hadubini, akamwonyesha jicho la kutumia na la kufumba. Bibi Ruth aliinama. Ilichukua muda kabla hajaona kitu zaidi ya kope zake. Kisha akatulia.

"Vijiti," alisema. "Kama vya kupandia maharage, ukiwa mbali." Hakunyanyua kichwa. "Wadogo hivi?"

"Wadogo hivyo."

"Hii ni damu yake?"

"Ni ya mumewe, iliyobaki chupani."

"Basi nipe."

Akakifunga kioo katika jani la sale alilopewa Kirua, akakiweka kifuani. Elimringi hakuuliza anakwenda kukizika wapi.

Alhamisi iliyofuata alikuja na chungu cha mtori kama zamani. Mwanamke wa Mwika alikuwa amejifungua na anahitaji damu, na Elifuraha akaleta chupa, yenye umande wa baridi, akaiweka mezani hatua moja kutoka kigoda cha Bibi Ruth. Yule mwanamke alikuwa akitetemeka. Bibi Ruth aliitazama chupa. Mikono yake ikaanza kunyanyuka. Akaiona, akairudisha, akaificha chini ya makwapa yake, akaibana humo kwa nguvu, huku machozi yakimtiririka, mpaka mwanawe alipokuja akaichukua chupa na kuipeleka dirishani.